Farasi anayekataa huenda anaumwa

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliwatetea vijana wanaokodisha farasi ufukweni na kuwachapa, akafunga hoja yake kwa methali: punda haendi bila kigongo. Nilikuwa saisi, mtunza farasi, kwa miaka 19 katika mabanda ya Karen na kando ya Ngong Road. Methali hiyo nimeisikia sana, na karibu kila mara msemaji alikuwa amekaa juu ya tandiko.

Alidai kwamba farasi ana ngozi nene, haumii kama sisi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha kwa hadubini ngozi ya farasi na ya binadamu. Ni kweli kwamba kwa jumla ngozi ya farasi ni nene zaidi, lakini unene huo uko ndani. Lile tabaka la juu kabisa, lenye ncha za neva za kuhisi maumivu, halikutofautiana na letu kwa unene wala kwa wingi wa neva. Na fimbo hutua hapo.

Mwaka huohuo utafiti mwingine uliangalia mbio za farasi za Uingereza: zile ambazo joki, yaani mpanda farasi wa mashindano, anaruhusiwa kuchapa, na zile ambazo haruhusiwi. Muda wa kumaliza haukutofautiana, wala usalama haukupungua. Basi hata huyo punda wa methali labda angekwenda.

Lakini fimbo si jambo kubwa lililonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu ya wale wanaochapwa wakiitwa wakaidi, kumbe ni wagonjwa.

Niliwahi kumtunza farasi jike wa rangi ya kahawia. Ukimkaza mkanda wa tumbo, analaza masikio. Ukimtia lijamu, kile chuma cha kinywani, anarusha kichwa juu. Akienda mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, mkia unapiga huku na huku kama anafukuza nzi, na nzi hakuna. Mwalimu wa kupanda farasi alisema huyu amezoea kudekezwa, achapwe. Akachapwa miezi miwili. Mimi kila asubuhi nilikuwa naokota kwenye kihori chake madonge ya majani yaliyotafunwa nusu, yamelowa mate, kila donge kama tonge la ugali. Nikasema kuna kitu kinywani. Nikajibiwa kwamba kazi ya saisi ni kusafisha banda.

Siku daktari wa mifugo alipokuja kuwachoma chanjo ya pepopunda, nilimvuta kando nikamwomba amwangalie meno. Akamfunga chuma cha kupanua taya, akamulika tochi. Magego ya juu yalikuwa na kingo kama msumeno upande wa shavu, na shavu lenyewe ndani limechanika. Meno ya farasi huendelea kusogea nje ya ufizi kwa miaka mingi ya maisha yake, na yasipolika sawasawa huacha makali. Daktari alipiga tupa karibu nusu saa. Kidonda kilipopona, farasi akapokea lijamu kama mtoto anayepokea kijiko cha uji.

Daktari Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa. Akionyesha 8 au zaidi, yaelekea ana maumivu. Nyingi hazihitaji mashine: masikio kurudi nyuma kwa sekunde 5 au zaidi, kinywa kufunguka na kufunga kwa sekunde 10, mkia kupigapiga. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Emanuela Dalla Costa wa Milan na wenzake walitoa kipimo cha uso, kwa farasi aliyesimama tu: masikio, jicho, sehemu ya juu ya jicho, misuli ya taya, mdomo na kidevu, na pua. Nilipokisoma kwenye simu nilicheka peke yangu. Nusu yake masaisi tunaijua tangu zamani, ila sisi hatukuandika.

Na farasi naye anatusoma. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za uso wa mtu. Walipoona uso uliokasirika, wengi waliutazama kwa jicho la kushoto na mioyo yao ikadunda haraka zaidi. Ilikuwa picha tu. Sijui kijana anayemjia amekunja uso na fimbo mkononi anamfanya ajisikieje.

Siwalaumu vijana peke yao. Farasi si wao, na mwenye mali anataka hesabu jioni. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, tayari inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumpanda kupita kiasi. Ninachoomba ni kidogo: bango moja la Kiswahili lenye picha za uso wa farasi mwenye maumivu, libandikwe kila mahali wanapokodishwa, na afisa wa mifugo wa kaunti apite kuwakagua vinywa na migongo kabla ya likizo ya Desemba. Wapewe pia majani mchana. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, ale asile, na kufungwa kutwa bila chakula ni njia fupi ya kupata vidonda vya tumbo.

Msomaji yule akishuka tena ufukweni, asimame kando farasi anapokazwa mkanda, atazame masikio, ahesabu hadi tano.

Saisi mstaafu,
Dagoretti, Nairobi