Tuwataje kwa ukamilifu gegereka wa miguu kumi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala za viumbe wa baharini, ambamo kaa, kamba na kambamti huitwa samaki katika aya moja na wadudu katika aya inayofuata. Viumbe hao si samaki wala si wadudu. Ni gegereka, yaani wanyama wa majini wenye gamba gumu na miguu yenye viungo, wa oda (ngazi ya uainishaji wa viumbe) ya Dekapoda, jina lililotolewa mwaka 1802 na mtaalamu wa Ufaransa, Pierre André Latreille, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kumi na mguu.

Wako wanaolikataa jina hilo kwa hoja kwamba hesabu yake haitimii, na ni kweli kwamba ukimlaza kamba chali utaona viungo vingi kuliko kumi: karibu na mdomo zipo jozi tatu za kushikia chakula, zikifuatwa na jozi tano za miguu kifuani, na chini ya tumbo zipo jozi nyingine tano, bapa, za kuogelea. Jina linahesabu zile tano za kifuani tu. Gando la kaa nalo limo, kwa kuwa ni mguu wa jozi ya kwanza uliogeuka kuwa koleo. Hata kaa wa Kamchatka, ambaye kwa macho ana miguu minane, anayo kumi kamili, ila jozi ya mwisho ni ndogo mno na hukaa imefichwa ndani ya chumba cha matamvua, ikiyasafisha.

Tatizo halisi, kwa maoni yangu, ni kwamba mwaka 1817 mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, William Elford Leach, aliwapa jina lilo hilo ngisi na dome, wenye mikono kumi. Ndiyo maana naomba waandishi wako wasiishie kusema "wenye miguu kumi", bali waandike "gegereka wa miguu kumi". Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 kuhusu wanyama wenye hisia ilifanya hivyo hasa: ilitaja gegereka, ikataja na oda ya Dekapoda. Kwa hiyo kaa na kambamti wamo, lakini krili, gegereka mdogo wa baharini, ingawa anafanana sana na kamba, hayumo kwa sababu ni wa oda nyingine. Mwandishi akiwaita wote wadudu, msomaji hana namna ya kujua sheria hiyo inamhusu nani.

Wako,
Msomaji