Ng'ombe asiyesukuma apimwe kabla ya kamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wafugaji wenzangu wa ng'ombe wa maziwa hapa Rungwe. Ng'ombe akikwama kuzaa, tunadhani moja kwa moja kwamba ndama ni mkubwa au amekaa vibaya, na kamba ya kumvuta ndama inatafutwa. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo wanaokwama kwa sababu wanaumwa, na wa namna hiyo ukimvuta unaweza kumpoteza yeye na ndama wake.

Nimestaafu kazi ya uofisa mifugo, ila bado naitwa. Majuzi jioni niliitwa kwa jirani. Ng'ombe wake, chotara wa Friesian, uzao wa nne, chupa ilishapasuka tangu mchana lakini hasukumi. Nilimkuta amelala, shingo ameipinda hadi ubavuni, masikio ya baridi, pua kavu. Vijana walishafunga kamba mguu mmoja wa ndama. Nikanawa, nikapaka sabuni, nikapima: njia imefunguka, ndama amekaa sawasawa, kichwa juu ya miguu. Hakuna kilichomzuia, nguvu ndiyo haikuwepo.

Hiyo ni homa ya maziwa. Kalsiamu ya damu inakimbilia kwenye kiwele kutengeneza dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na mfuko wa uzazi ni msuli. Bila kalsiamu haukazi. Tulipasha chupa ya dawa ya kalsiamu kwenye maji ya uvuguvugu, nikaiingiza mshipa wa shingo polepole huku nasikiliza moyo, maana ikiingia haraka moyo husimama. Chupa haijaisha, misuli ikaanza kumtetemeka, akabeua, akanya. Kisha akasukuma mwenyewe!

Walio hatarini zaidi ni wenye maziwa mengi waliokwisha kuzaa mara kadhaa, na ng'ombe wa aina ya Jersey kuliko wengine. Wiki za mwisho za mimba wapunguzieni majani ya mikunde na madini ya kalsiamu, ili mwili uzoee kuichota mifupani, akizaa, mrudishieni. Siku za mwanzo msimkamue akaisha kabisa.

Maduka yetu yana dawa za minyoo na za kuogesha tele, ila chupa ya kalsiamu ile ilifuatwa Tukuyu kwa bodaboda. Vikundi vyetu vichange, chupa mbili zikae kwa ofisa mifugo wa kata. Na mkimpigia simu, mwambieni kwanza kama masikio ni ya baridi na kama ng'ombe anasukuma au hasukumi, ajue cha kubeba.

Ofisa mifugo mstaafu,
Kiwira, Rungwe