Kagua silaha kabla namba haijaandikwa kwenye leseni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wale wanaonunua silaha kihalali, wakulima, wawindaji, wafanyabiashara na kampuni za ulinzi, kuhusu jambo ambalo muuzaji hatalitaja: bunduki kuwa mpya hakumaanishi kwamba ni nzima. Mwombaji huchunguzwa tabia, sababu zake na mahali atakapoihifadhi silaha. Silaha yenyewe husomwa namba tu. Namba ikishaingia kwenye leseni, kasoro inakuwa mali yako, kwa kuwa kuibadilisha ni kuanza upya safari ya barua na vibali, na muuzaji analijua hilo fika. Muda wa kukagua ni ule mfupi uliopo kati ya kufungua boksi na kuandika namba.

Wapo wanaodhani ubovu ni wa bunduki za bei ya chini tu. Aprili 2014 kampuni ya Remington ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa bunduki za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu Mei 2006. Gundi iliyotumika kiwandani wakati wa kuunganisha triga iliweza kuzidi kipimo, na bunduki ikaweza kufyatuka bila kidole kugusa kitu. Hiyo ni karibu miaka minane ya uzalishaji. Mwaka 2008 Ruger ilizirudisha bastola za SR9 kwa sababu zikianguka zingeweza kufyatuka. Agosti 2017 SIG Sauer ilianza kubadilisha bure vipuri vya P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani, kisogo kikitangulia, inaweza kupiga risasi. Januari mwaka huohuo Jeshi la Marekani lilikuwa limeichagua bastola ya aina hiyo. Na ajabu ya huko ni kwamba tume ya usalama wa bidhaa inaweza kuamuru birika la umeme lirudishwe kiwandani, lakini sheria imeikataza kugusa bunduki. Kurudisha kunabaki hiari ya mtengenezaji, na tangazo lake humfikia aliyejiandikisha kwake. Mwenye bastola hiyo Mbeya haandikiwi barua. Basi kabla hujalipa, chukua jina la modeli na namba ya silaha, ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, uangalie kama imo kwenye orodha ya zinazorudishwa. Ni kazi ya dakika kumi.

Sasa mtutu. Ulaya kuna nyumba za majaribio ambako kila bunduki hupigwa risasi ya shinikizo la ziada kabla ya kuuzwa. Ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya 1813. Tume ya kimataifa ya C.I.P., iliyoanzia Liège mwaka 1914, ndiyo inayopanga vipimo: bastola ya 9 mm Luger, ambayo risasi yake ya kawaida hairuhusiwi kuvuka bar 2,350, hujaribiwa kwa asilimia 30 zaidi. Falme za Kiarabu ni mwanachama, Tanzania na Kenya si wanachama. Matokeo yake, shotigani iliyotoka Huğlu au Üzümlü, miji ya mafundi bunduki kule mkoa wa Konya, Uturuki, ikipelekwa kuuzwa Uingereza lazima ipite kwenye jaribio, lakini ndugu yake anayekuja huku moja kwa moja anaweza kufika bila jaribio la aina hiyo. Nondo na mabati tunayatafutia alama ya TBS, mtutu tunaupokea kwa kuupenda rangi. Tafuta alama zilizogongwa chini ya mtutu karibu na chemba, yaani mahali risasi inapokaa: BNP yenye taji ni ya Birmingham, PSF ni ya Gardone Val Trompia, Italia. Mtutu usio na alama si lazima uwe mbovu, ila ujue kuwa hakuna mtu huru aliyeuthibitisha.

Kwa shotigani, hapohapo soma urefu wa chemba kwa milimita, 70 au 76. Hiki si kitu cha kupuuza. Risasi ya milimita 76 huingia bila shida kwenye chemba ya 70, kwa sababu kabla ya kupigwa mdomo wake umekunjwa. Ikipigwa, mkunjo unafunguka ndani ya sehemu inayosinyaa mbele ya chemba, njia inabana na shinikizo linapanda. Zipo bunduki ambazo maandishi ya mtutu na ya boksi hayakubaliani. Fuata ya mtutu, na hata hayo umwombe fundi ayapime.

Kabla ya majaribio yoyote, ondoa risasi zote katika chumba unachofanyia kazi, fungua silaha, angalia chemba kwa macho na uipapase kwa kidole. Kisha futa grisi ya kuhifadhia kwa mafuta ya taa, kausha, upake mafuta mepesi kidogo. Grisi iliyoganda ndani ya njia ya pini, kile chuma kinachogonga risasi, ndiyo chanzo cha bastola nyingi “mbovu”: pini inafika ikiwa imechoka, inaigusa tu fataki, ile duara ya kitakoni inayowasha baruti, na risasi hailipuki. Mbaya zaidi ni pini inayonasa ikiwa imechomoza mbele, kwani risasi inaweza kulipuka wakati inaingia. Na tonge la grisi likisahaulika ndani ya mtutu, mtutu unavimba kwa risasi ya kwanza.

Mtutu safi uelekeze kwenye mwanga na uchungulie. Duara za kivuli zikiwa zimepangana sawasawa kama pete hadi mwisho, mtutu umenyooka. Pete moja ikienda upande au ikionekana nene, pana mpindo au uvimbe. Kwa bunduki ya mitutu miwili ya kukunja, ondoa mitutu, itundike kwa uzi, uigonge taratibu kwa kijiti. Iliyochomelewa vizuri hulia kama kengele, na iliyoachana ubavu hukoroma. Halafu iunganishe bila kile kipande cha mbao cha mbele, ifunge, uitikise huku ukisikiliza bawaba. Inue kwenye mwanga uangalie kati ya mitutu na ukuta wa chuma ulio nyuma yake. Mwanga ukipenya, muuzaji ataita hiyo “uhuru wa kazi”, nawe umrudishie uhuru wake.

Sehemu ninayosihi isirukwe ni triga na sefti, yaani kizuizi cha usalama. Tumia risasi bandia. Koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu ya mkono mzima, achia, subiri kidogo, kisha toa sefti bila kugusa triga. Nyundo ikianguka hapo, kazi imekwisha, rudisha silaha. Rudia mara ishirini, maana ubovu wa namna hii hautokei kila safari. Baada ya hapo koki tena, toa sefti, shika bunduki wima na ugonge kitako kwenye mkeka wa mpira kutoka urefu wa shubiri. Kwa zile zenye nyundo iliyofichwa ndani hutaona kitu, kwa hiyo vuta triga baadaye. Ukisikia mlio, nyundo ilikuwa imekaa. Ukisikia kimya, ilishaanguka pale ulipogonga. Kwa bunduki ya mitutu miwili, vuta triga ya kwanza, gonga, ndipo uvute ya pili. Inayofyatua mitutu yote kwa mvuto mmoja huonekana hapo. Kisha pima uzito wa triga kwa mizani ya springi, hata ile ya samaki, mara tano. Shotigani ya kawaida iwe kati ya kilo 1.6 na 2.3. Ikicheza leo 1.2 kesho 2, jino linaloshika nyundo halikusuguliwa sawa, na hiyo ni mbaya kuliko triga nzito isiyobadilika. Walinzi wa usiku wasipewe triga laini kwa sababu yoyote ile.

Bastola ina jaribio rahisi la penseli, ile ambayo wazee waliita kalamu ya risasi, na hapa jina limepata kazi. Bastola ikiwa tupu, mdomo juu, uso wako pembeni, dondosha penseli ndani ya mtutu upande wa kifutio ukitangulia. Koki kabla au baada, kisha vuta triga. Penseli inatakiwa kuruka hadi nje. Ikitikisika tu, springi ni dhaifu au njia ya pini ni chafu. Pitisha kidole kwenye mteremko ambao risasi hupandia kuingia chemba. Ukikwaruza ngozi, utakwaruza na ganda la shaba. Magazini nazo ziandike namba kwa kalamu ya wino, 1, 2, 3. Bastola inapokwama, watu huilaumu bastola, kumbe magazini namba 2 ina mdomo uliopanuka au springi iliyowekwa kinyume.

Kwa raifo, fundi awe na geji za chemba, ile ambayo bolti (komeo la chemba) inatakiwa kufungika juu yake na ile isiyotakiwa. Katika .308 Winchester ya kwanza ni milimita 41.40, ya pili 41.50. Tofauti yake ni unene wa karatasi ya ofisi, lakini nafasi hiyo ikizidi, ganda linavutika na kupasuka karibu na kitako, na gesi inakuja usoni kwa mpigaji. Bolti ivuliwe pini na springi ya kurushia ganda, ifungwe kwa vidole viwili tu. Ukisukuma kwa kiganja unaweza kulazimisha uongo. Mwindaji wa nyati mwenye raifo ya .375 ajaze risasi bandia magazini, aendeshe bolti polepole, kisha haraka, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Kwenye bunduki yenye ukucha mkubwa wa aina ya Mauser, risasi iingie chini ya ukucha tangu inapotoka magazini. Tazama pia mbao nyuma ya chuma. Zikigusana bila nafasi ndogo hapo nyuma, au jino la kupokea teke lisipokaa vizuri kwenye mbao, mti hupasuka baada ya risasi chache. Alama za mashine ndani ya chuma na mkwaruzo kwenye mbao havina neno, msirudishe bunduki kwa ajili ya urembo.

Jaribio la mwisho ni la risasi za kweli, kwenye uwanja ulioruhusiwa, miwani na kinga ya masikio vikiwepo. California, ili aina ya bastola iruhusiwe kuuzwa, huchukuliwa tatu, kila moja ipige risasi 600, isikwame zaidi ya mara sita na isikwame kabisa katika 20 za kwanza. Sisi hatuna risasi 600 za kuchoma, lakini kipimo cha 20 za kwanza tunaweza kukiazima. Anza na risasi moja. Kisha mbili. Mbili zikitoka kwa mvuto mmoja, simama, na shukuru kuwa hukujaza. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, usipige nyingine hadi uchungulie mtutu, kwani risasi inaweza kuwa imekwama ndani. Ikikataa kulipuka, uelekeze mtutu mahali salama kwa sekunde 30 kabla ya kufungua.

Okota maganda uyasome. Alama ya pini iwe katikati ya fataki. Fataki iliyotobolewa, ganda lililovimba upande mmoja au pete inayong'aa karibu na kitako ni ushahidi, yahifadhi kwenye bahasha pamoja na risiti. Kabla ya kumshitaki muuzaji jaribu risasi za boksi lingine, maana fataki ngumu hufanana sana na pini dhaifu. Shotigani za kujipakia zina kesi yake: nyingi hukwama zikiwa mpya kwa risasi nyepesi za gramu 28, lakini hufanya kazi na za gramu 32 hadi 36. Zipe risasi 50 zilegee. Zikiendelea kukwama, fundi achungulie matundu ya gesi chini ya mtutu. Aghalabu tundu moja lina chembe za chuma zilizobaki baada ya kutobolewa, au pete ya pistoni imewekwa kinyume. Mwisho weka karatasi kubwa umbali wa mita 36, piga kila mtutu mara moja, uchore duara la sentimita 75. Choki kamili, yaani mtutu uliobanwa zaidi mdomoni, iweke takriban asilimia 70 ya marisau ndani ya duara, na mitutu yote miwili ilenge sehemu moja. Nakubali ni kazi ya kuchosha kuhesabu vitobo, lakini mitutu inayotazama njia tofauti hairekebishiki dukani.

Ombi langu kwa wanaosajili silaha na kwa wauzaji ni dogo. Muuzaji awe na jozi moja ya geji kwa kila aina ya raifo anayoingiza, mizani ya triga na risasi bandia. Namba isiandikwe kwenye leseni hadi karatasi ya ukaguzi iwe imejazwa na fundi na kutiwa saini na mnunuzi: alama za mtutu, urefu wa chemba, uzito wa triga, sefti mara ishirini, risasi ishirini za kweli. Nakala moja ibaki kwenye faili la silaha, nyingine aende nayo mwenye silaha.

Fundi silaha,
Arusha