Shukrani kwa dada wa tiba ya viungo, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kiuno kimenitesa tangu msimu wa karafuu uliopita. Kuinama kuanika nikawa siwezi, na mkanda nilionunua ulinibana tu.

Namshukuru dada mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo vya mwili, tuliyekutana barazani kwa jirani hapa Wete. Jina kanikataza kulitaja. Kwanza aliniuliza: miguu inakufa ganzi? Haja ndogo inakutoka bila kujua? Homa je, umekonda? Nilipojibu hapana, akatandika mkeka, akanilaza chali magoti juu, akanionesha kuinua kiuno taratibu, kisha nirudie mbele yake mpaka nipatie. Akanikataza kushinda kitandani. Mkanda akauweka pembeni: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Disemba 2023 hauupendekezi kwa maumivu ya mgongo yaliyovuka miezi 3 bila ugonjwa mwengine nyuma yake, unataka mazoezi na mgonjwa aelimishwe. Kila Ijumaa akapita kuniangalia. Pesa hakupokea, na pakacha la maembe alilichukua kwa kulazimishwa!

Maumivu hayajaisha, lakini karafuu naanika mwenyewe. Wenye ujuzi kama wake, wapitieni watu mitaani. Dada, Mungu akulipe kheri.