Kikundi cha kufa na kuzikana, Ujiji: safari hii tunachanga mtoto akiwa bado anapumua

Mwakeye ndugu zangu wa Ujiji, Mwanga, Gungu, Kibirizi, na nyie mliohamia Dar mkabaki kuagizia mawese tu. Ni mimi katibu, yule yule wa meseji za rambirambi, ila leo hakuna aliyefariki, msishtuke.

Mwezi wa tano nililala wodi ya watoto na mwanakikundi mwenzetu, mjukuu wake wa miezi 7 alikuwa na nimonia, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nesi akaja na oksimita, kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni kwenye damu, sasa kile kilikuwa cha mtu mzima, kidole cha mtoto kinaogelea humo ndani, akakihamishia kwenye dole gumba la mguu akakizungushia plasta. 84. Mtoto akirusha mguu, vistari tu. Tukasubiri, 81. Chini ya 90 mtoto anawekewa oksijeni, akawekewa, tukakaa tunaikodolea ile namba kama watu wanaosubiri penati. Usiku wa manane daktari akauliza yule wa kitanda cha dirishani ana ngapi, nesi akajibu, mashine iko huku. Kilikuwa kimoja wodi nzima.

Wetu yuko nyumbani anavuta watu nywele. Yule wa dirishani alifariki alfajiri, kumbe naye wa mtaa wa pili tu hapa, tukachanga laki 6 na 40 kabla ya adhuhuri, turubai, sanda, mchele, hakuna kilichopungua. Nikaona aibu. Sisemi angepimwa angepona, hata daktari hakusema hivyo, ila hiyo kasi yetu ya makaburini mbona wodini hatuna?

Nilimuuliza daktari kile ambacho kila bibi anauliza, atapona? Hakunikatia maneno. Akasema kwenye ICU za watoto zilizokamilika, yaani wodi za mahututi, mtoto akishalazwa, hasa akiwekwa kwenye ventileta, ile mashine inayompumulia, wana hesabu zao. Kuna moja inaitwa PIM3, ilitoka 2013, inachukua mambo ya saa ya kwanza tu, mboni za macho zinaitikia mwanga au haziitikii, presha, oksijeni, yuko kwenye mashine au hayupo, na mengine, inatoa makadirio ya hatari ya kufa. Lakini haimwambii mama kwamba mwanao ndiye au siye, inasema watoto wengi wenye hali kama yake huwa inakuwaje, kazi yake kubwa ni kuipima wodi yenyewe. Nyingine ni ya mapafu, unachukua presha ya wastani ambayo mashine inasukumia hewa, mara asilimia ya oksijeni anayopewa, gawanya kwa oksijeni iliyofika kwenye damu. Ikifika 16 kwenda juu mapafu yameumia vibaya. Hiyo inataka damu ya ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, ipelekwe kwenye mashine yake, na ukikosa kuna hesabu ndugu yake inayotumia namba ya kidoleni, ingawa viwango vyake ni tofauti. Na hata hivyo namba ya mara moja haimtoshi daktari, anataka kuona inapanda au inashuka saa baada ya saa.

Nikabaki nacheka peke yangu, hesabu zote hizo na bado inabidi turudi kwenye dole gumba lenye plasta.

Kwenye kikao mzee wangu mmoja wa Katonga alipiga meza, tununue ventileta kabisa! Shikamoo mzee, nakuheshimu, lakini ventileta inataka nesi asiyebanduka kitandani, umeme usiochezacheza, oksijeni ya kutosha na fundi wake, tukikosa hivyo itafunikwa shuka kwenye kona. Tumekubaliana oksimita 4 zenye vibanio vya watoto na vya vichanga, konsentreta 1 ya oksijeni, ile mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, na mtungi mmoja mkubwa wa akiba kwa sababu umeme ukikatika konsentreta ni kabati tu. Oksimita moja itakuwa ya kupanda gari, maana ukiandikiwa rufaa ya Mwanza ni Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi na bado hujafika, mtoto hawezi kwenda njia yote hiyo anaangaliwa midomo tu kama imekuwa ya bluu.

Jumla ni milioni 9 na laki 6. Mkononi tuna milioni 2 na laki 1 na nusu, ikiwemo laki 3 za akina mama wa Kibirizi waliouza dagaa siku mbili nzima bila kuchukua faida, Mungu awaone. Mganga mfawidhi ameshakubali kupokea na nesi wawili wataelekezwa matumizi, risiti zote zitabandikwa kwenye ubao wetu, nawajua mnavyoguna.

Elfu 2 pokea, elfu 50 pokea. Mpe mweka hazina mkononi aandike jina lako kwenye daftari la kijani, sio lile jeusi la misiba, tusichanganye. Jumapili saa 10 jioni tunakutana pale pale chini ya mwembe, mnada utakuwepo, dumu la lita 20 la mawese na jogoo wawili vimeshaahidiwa, na yule shemeji aliyesema ataleta mbuzi, tunakusubiri, usizime simu.