Video kukwamakwama si lazima kifaa kiwe kibovu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyowashauri wasomaji ambao video zao hukwamakwama wanunue kifaa kipya cha kuchezea video au waongeze kasi ya intaneti. Naomba nafasi niupinge ushauri huo, kwa sababu mara nyingi kasoro imo katika hesabu isiyolingana kati ya faili na televisheni, na hesabu hiyo hairekebishwi kwa kununua chochote.

Filamu nyingi hurekodiwa kwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde, ilhali televisheni nyingi huonyesha picha upya mara 60 kwa sekunde. Kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 24 bila baki, kifaa hulazimika kuonyesha fremu moja mara mbili na inayofuata mara tatu, hivyo hivyo hadi mwisho wa filamu. Watu wakiwa wamekaa wanazungumza hutaona lolote. Lakini kamera inapogeuka polepole kufuata ukuta wenye madirisha, kila dirisha hupita kwa kurukaruka kana kwamba linasukumwa. Niliivumilia kasoro hiyo kwa miezi mingi nikiilaumu flashi yenye filamu, mpaka nilipoingia kwenye mipangilio ya kifaa changu na kukuta sehemu inayokiruhusu kilinganishe kasi ya skrini na kasi ya faili, ikiwa imezimwa tangu kiwandani. Niliiwasha, na madirisha yakatulia.

Hata hapo pana mtego. Faili nyingi tunazosema ni za fremu 24 kwa kweli ni za 23.976, urithi wa mfumo wa televisheni ya rangi ulioidhinishwa Marekani mwaka 1953. Skrini ikiwekwa kwenye 24 kamili, fremu moja hurudiwa kila baada ya sekunde 42 hivi, na mwenye jicho kali huuona mshtuko huo.

Video za simu ni kisa kingine, kwani simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu katikati ya kurekodi, hasa mwanga unapopungua. Kifaa kinachodhani kasi ni moja mwanzo hadi mwisho huziacha sauti na midomo ziachane. Dawa yake ni kuigeuza faili kwa programu ya kompyuta iwe ya kasi isiyobadilika.

Kuhusu aina za faili, makala yenu ilichanganya mambo mawili. MKV na MP4 ni vifungashio tu vya kubebea picha na sauti pamoja; mara nyingi kinachoamua kama picha itaonekana ni kodeki iliyomo ndani, yaani mbinu iliyotumika kubana picha au sauti. Kubadilisha herufi za mwisho wa jina la faili, kama mwandishi wenu alivyopendekeza, ni kubandika lebo mpya kwenye debe lile lile. Kifaa kinachocheza kodeki ya H.264 ya biti 8 (biti hapa ni kipimo cha undani wa rangi) bila shida kinaweza kushindwa kabisa na H.264 ya biti 10, na picha ikija bila sauti, huenda sauti hiyo ni ya DTS, kodeki ya sauti ambayo kifaa hakiifahamu. Programu ya VLC kwenye kompyuta huonyesha kodeki na kasi ya fremu za faili yoyote inayoifungua, bila malipo.

Naomba mwandishi wenu aanzie hapo atakaporudia mada hii, na watengenezaji nao waandike kwenye boksi kodeki, biti na kasi ambazo kifaa kinazimudu. Boksi la changu liliandikwa tu kwamba kinacheza “video za aina zote”.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi