Akiba ya kukabili mtikisiko wa uchumi ianzie kwenye mazao

Mhariri,

Kila masoko ya fedha ya dunia yanapoyumba, viongozi wetu hututuliza kwa kusema kwamba benki zetu ziko salama. Ndivyo tulivyoambiwa hata baada ya Lehman Brothers, benki kubwa ya Marekani, kufilisika Septemba 2008, na kuhusu benki walisema kweli, kwani benki nyingi za Afrika hazikuwa zimenunua dhamana za mikopo ya nyumba za Marekani. Balaa lilipitia kwenye mazao na madini. Zambia iliona bei ya shaba ikishuka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi karibu dola 3,000 ndani ya miezi michache, na mgodi wa Luanshya ukafungwa. Huku kwetu Tanzania, wanunuzi waliokopa benki ili wanunue pamba kwa bei ya juu walibaki na marobota yaliyokosa soko, na msimu uliofuata mkulima alipofika kwenye mizani alikuta bei imeanguka ilhali deni la dawa na mbegu liko palepale.

Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa takriban shilingi trilioni 1.7, ambao sehemu yake ilifidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa. Sipingi hatua hiyo, maana viwanda vya kuchambua pamba vingefungwa tusingekuwa na wa kumuuzia. Hata hivyo, fidia ya namna hiyo humfikia kwanza yule ambaye hasara yake imeandikwa benki, na hasara ya mkulima haiandikwi popote.

Botswana nayo iliumia, kwani mapema 2009 migodi ya Debswana ilisimamisha uzalishaji kwa kukosa wanunuzi wa almasi. Lakini ilikuwa na Mfuko wa Pula, akiba ya taifa itokanayo na mapato ya almasi, ulioanzishwa 1994, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaikopesha dola bilioni 1.5.

Naiomba Wizara ya Kilimo ipeleke bungeni muswada wa mfuko wa kufidia bei ya mazao, utakaochangiwa miaka ya bei nzuri tu na kumlipa mkulima mwenyewe kupitia chama chake cha msingi. Najua wakulima tumechoshwa na makato, kwa hiyo sheria hiyo itamke kwamba fedha zitunzwe Benki Kuu, zisiguswe kwa kazi nyingine, na hesabu zake zibandikwe kila msimu kwenye ghala la kila chama.

Mkulima wa pamba,
Bariadi, Simiyu